Ukienda bustani ya mimea, tazama chini kwanza

Swali: Mtaalamu, nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, kimepakana na ukuta upande mmoja, na vyungu kadhaa barazani. Napenda sana kutembelea bustani za mimea. Kila nikitoka huko narudi na ari mpya: natafuta mche wa kile nilichokiona, naupanda, na baada ya miezi michache umekauka. Wa mwisho kufa ni Saintpaulia, lile ua dogo la chunguni. Sasa nimebaki na okidi ya aina ya Phalaenopsis ambayo haijachanua tena tangu maua ya kwanza yaanguke. Je, bustani zile zina lolote la kumfundisha mtu wa kawaida, au ni mahali pa kupunga upepo na kupiga picha tu?

Jibu: Ndugu yangu, zinayo mengi ya kukufundisha, ila umekuwa ukichukua kisichochukulika. Unaona ua, unalipenda, unaondoka na jina lake. Yale yaliyolifanya listawi pale unayaacha hukohuko: udongo, upande jua linakotokea, mkono unaomwagilia, na miche mingine inayosubiri zamu yake nyuma ya uzio.

Hiyo miche ya nyuma ya uzio wageni wengi hawajui kama ipo. Karibu kila bustani kubwa ina kitalu ambacho umma hauingii. Mmea wa maonyesho ukichoka hurudishwa kitaluni, mwingine huletwa mahali pake. Okidi unayoikuta imechanua leo, wiki chache zilizopita ilikuwa majani matupu mahali usipofika. Na mimea hufa huko pia, tena mingi. Tofauti ni kwamba ikifa huandikwa: lini, wapi, na kama sababu inajulikana, sababu yenyewe. Nimefanya kazi katika mikusanyo ya namna hiyo kwa muda mrefu, na sijakutana na mtunza mimea hata mmoja ambaye hajatupa kwenye lundo la mboji kitu alichokipenda. Basi aibu iweke kando, tuzungumze kazi.

Kinachoitenga bustani ya mimea na bustani ya kupumzikia ni kumbukumbu. Ile ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kutofautisha mmea unaoponya na ule unaofanana nao lakini unaua. Mimea ikawa inaibwa, ikabidi bustani izungushiwe ukuta wa mviringo. Desturi hiyo ya wizi haijafa, na kwa kuwa umeniuliza kuhusu kujifunza, niseme hapahapa: usikate kijiti. Kipandikizi kilichokatwa kwa kucha na kufichwa mfukoni mara nyingi hunyauka kabla ya kufika nyumbani, na pengine umeondoka na tumba pekee la mwaka mzima. Padova bado ina mmea wa jamii ya mitende, Chamaerops humilis, uliopandwa mwaka 1585. Mwandishi wa Kijerumani, Goethe, aliutazama alipopita mwaka 1786. Tunajua hayo yote kwa sababu kuna watu walioandika.

Kibao kidogo kilicho mguuni pa mmea ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Huwa na jina la kisayansi, familia, mahali ulikotoka, na namba ya usajili ambayo mara nyingi huanza na mwaka ulipoingia bustanini. Wengi husoma jina wakasonga mbele. Ningekushauri uanze na mahali ulikotoka, kwa sababu hapo ndipo penye maelezo ya namna ya kuutunza, hata kama hayakuandikwa kama maelezo.

Chukua hiyo Saintpaulia yako. Kwao ni misitu ya Tanzania na Kenya, hasa milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliipeleka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina linaloiheshimu familia ya ofisa huyo. Tangu 2015 wataalamu wameihamishia katika jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae kibao cha bustani kikisema Streptocarpus ionanthus wakati muuza miche anaiita Saintpaulia. Ni mmea uleule. Lakini jina haliui mmea. Tazama makazi yake: huota kwenye miamba, chini ya kivuli cha miti mirefu, mizizi imejishikiza kwenye tabaka jembamba la majani yaliyooza ndani ya nyufa. Hewa ina unyevu siku nzima, ila maji yakinyesha huteremka na kupita. Hayatuami.

Sasa linganisha na maisha inayopewa nyumbani: chungu kirefu, udongo mzito, maji kila asubuhi kwa mapenzi. Saintpaulia nyingi zinazofia nyumbani huzama, haziuawi na kiu. Mizizi ikikosa hewa huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kupandisha maji, basi majani hulegea. Mwenye mmea akiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo ndipo mambo huisha. Ukinunua nyingine, ipe chungu kifupi, mchanganyiko mwepesi wenye mboji na chembe kubwa zinazopitisha hewa, mwanga wa dirishani usiokuwa na jua kali la mchana, na maji pale tu uso wa udongo unapokauka. Usiyamwage maji ya baridi juu ya majani, yatabaki na madoa. Hakuna siri nyingine. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kibao kwa maneno machache: msitu wa mlimani, juu ya mwamba.

Baada ya kibao, tazama ardhi. Ukimwona mgeni ameinama kwenye tuta badala ya kuinua simu kuelekea kwenye ua, huyo ana bustani nyumbani. Angalia matandazo: majani makavu au vipande vya magome vimetandazwa unene wa sentimita 5 hadi 10 hivi, lakini havijarundikwa kwenye shina. Shina limeachiwa nafasi lipumue. Angalia pale shina linapotanuka kabla ya kuzama ardhini. Kwenye mti uliopandwa vizuri sehemu hiyo huonekana. Nyumbani huwa tunaifukia, na mti huchukua miaka kadhaa kulalamika, ndiyo maana hatuhusishi kosa na matokeo. Angalia pia nafasi kati ya mimea. Miche ya mwaka wa kwanza imeachiana mpaka inaonekana kama imesahaulika, kwa kuwa aliyepanda alikuwa akikiona kichaka cha mwaka wa tano.

Na angalia nani ni jirani ya nani. Mimea inayopenda ukavu imekusanywa kwenye kilima cha mawe na kichanga, inayopenda unyevu ipo bondeni au karibu na bwawa. Watunzaji hawakuipanga hivyo kwa ajili ya macho pekee. Mpira wa maji hauwezi kuhudumia tabia mbili kwa wakati mmoja. Ukipanda mmea wa jangwani na wa kando ya kijito kwenye tuta moja, hata uwe na bidii kiasi gani, kila unapomwagilia unamtesa mmoja wao.

Huo ukuta wako usiudharau. Chini ya ukuta kuna hali ya hewa yake. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri hutunza joto hadi usiku, na huikinga mvua, hivyo udongo wa mguuni pake huwa mkavu kuliko wa hatua mbili mbele, hata siku ambayo kila mahali kumelowa. Bustani nyingi za mimea zina ukuta wa namna hiyo, na kilichopandwa chini yake hakikuwekwa hapo kwa bahati. Kwa hiyo kabla ya ziara yako ijayo, fanya kazi moja nyumbani. Siku ya mapumziko, tembea kiwanjani asubuhi, adhuhuri na alasiri, uandike jua linapiga wapi na kwa muda gani. Chukua udongo wenye unyevu kiganjani uufinye. Ukibaki donge linalong'aa na kunata, una mfinyanzi. Ukitawanyika mara tu ukiachia, una kichanga. Ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa kidogo, shukuru, huo ni tifutifu. Ukifika bustanini usitafute mmea mzuri, tafuta mahali panapofanana na kwako. Kisha uliza kinachostawi hapo.

Umuulize nani? Si dirisha la tiketi. Muulize yule aliyepiga magoti na jembe dogo mkononi, na usimuulize anaupenda mmea gani, maana atakupa hadithi ndefu ya mmea mgumu unaomnyima usingizi. Muulize hivi: "Ni upi hapa ambao hauhitaji kuangaliwa?" Jibu lake ndilo orodha yako ya ununuzi.

Kuhusu vyungu vya barazani kuna imani moja naikuta kila mahali, kwamba kuweka kokoto chini ya chungu kunasaidia maji kutoka. Hakusaidii. Maji yaliyo kwenye udongo wenye chembe ndogo hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ule umeshiba kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kulipandisha tabaka lililojaa maji karibu zaidi na mizizi. Jaza chungu mchanganyiko mmoja kuanzia juu mpaka chini, hakikisha tundu halijaziba, basi.

Watu hudhani pia kwamba mmea wa chunguni hauna maisha marefu. Katika Palm House, nyumba ya vioo ya bustani ya Kew, London, kuna sikadi, mmea unaofanana na mtende, iitwayo Encephalartos altensteinii iliyoletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775 na Francis Masson, mkusanyaji wa kwanza kutumwa na Kew kwenda kutafuta mimea ng'ambo. Ingali hai, ingali ndani ya chombo. Shina lake limepita urefu wa mita 4, limelala na kupinda, limeegemezwa kwa nguzo. Fikiria watunzaji wangapi wamepokezana mmea mmoja, na kila mmoja alichotakiwa kufanya ni kidogo tu: maji kwa kipimo, udongo mpya wakati wake ulipofika, na kutouhamishahamisha kwa kuchoka kuutazama. Kwenye bustani za nyumbani nimeona mimea mingi ikiuawa na mabadiliko ya mara kwa mara kuliko kusahauliwa. Mche uliohamishwa mara tatu kwa mwezi haujapata nafasi ya kuonyesha kama mahali pa kwanza palikuwa pabaya.

Kuna ndugu wa sikadi hiyo ambaye mimi humtembelea kwa moyo mzito kidogo. Encephalartos woodii alipatikana mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, na mtaalamu wa mimea John Medley Wood. Palikuwa na kundi moja tu la mashina, yote ya kiume. Jike halijapatikana mpaka leo. Yote iliyomo duniani ni vichipukizi vya mmea ule mmoja, na porini hayupo tena. Naliona kama jambo la kusikitisha, lakini pia ni somo la utunzaji: huyu yupo hai kwa sababu chipukizi zake ziligawanywa kwenye bustani nyingi. Bustani za mimea hufanya hivyo makusudi. Kitu adimu hakiachwi mahali pamoja, kwa kuwa moto, ugonjwa au bomba lililopasuka usiku mmoja linatosha kukimaliza. Wewe pia ukiwa na mmea unaoupenda, ukishastawi tu, chukua vipandikizi umpe jirani au ndugu. Siku wako ukifa utajua pa kwenda kuomba, tena bila kununua.

Sasa daftari. Ningekuwa na ruhusa ya kukushauri kitu kimoja tu, ningeyaacha yote niliyosema juu nikuombe ununue daftari. Andika jina la mmea, ulikoupata, tarehe ya kuupanda, mahali ulipouweka, na udongo ulioutumia. Mstari mmoja unatosha. Baadaye andika ulipochanua, uliposhambuliwa na wadudu, ulipokatwa. Ukifa, andika tarehe na hali ya mizizi yake, maana mmea uliokufa usitupwe kabla ya kung'olewa na kutazamwa chini. Mizizi ya kahawia inayoteleza na kunuka ni maji mengi. Mizizi mikavu inayovunjika ni kiu. Mizizi iliyojizungusha ikafuata umbo la chungu ni mmea uliokaa humo kupita kiasi, au uliopandwa ardhini bila kufunguliwa mizizi. Baada ya misimu michache ukurasa wa vifo utakufaa kuliko kitabu chochote, kwa kuwa unazungumzia kiwanja chako na hakuna mwandishi mwingine anayekijua.

Lazima nikupe na upande wa pili, kwa sababu bustani hizi huwa tunazisifu mno. Baadhi ya magugu mabaya kabisa duniani yalisafirishwa kama mapambo. Lantana camara ilitoka Amerika ya kitropiki ikapandwa kwa ajili ya rangi ya maua yake. Ndege wakala matunda, wakasambaza mbegu, na leo imefunga malisho na misitu katika mabara kadhaa. Gugu maji nalo lilipendwa kwa ua lake la zambarau kwenye mabwawa ya bustani kabla ya kuziba mito na maziwa mbali na kwao Amerika Kusini. Kwa hiyo ukisikia mmea unasifiwa kwamba unaota popote bila shida, sifa hiyo ichukue kwa tahadhari. Njia rahisi ya kupima ni kutazama chini ya mti mzazi na ng'ambo ya njia. Ukikuta miche yake imejiotea kila mahali bila kupandwa na mtu, uache hapohapo, au angalau uulize kwanza.

Umeuliza kama ni mahali pa kupunga upepo tu. Hata kama ingekuwa hivyo tu, ingetosha. Vitu vingine huendi kuvitazama ili uvipande. Yungiyungi mkubwa wa Amazon, Victoria amazonica, hufungua ua jeupe lenye harufu jioni ya kwanza, huwanasa mbawakawa ndani usiku, kisha jioni inayofuata hufunguka tena likiwa limegeuka rangi ya waridi na kuwaachia wakiwa wamejaa chavua. Huna bwawa la kutosha jani lake moja, na huhitaji kuwa nalo. Ukitoka kuutazama mmea kama huo bila kutamani kuumiliki, naona umeanza kufaidi bustani ya mimea. Kupiga picha si dhambi, ila piga kibao kwanza, ndipo upige ua. Ukifika nyumbani na picha mia za maua yasiyo na majina utakuwa umebeba mzigo mtupu.

Tumalizie na okidi yako. Phalaenopsis kwao ni misitu ya Asia, na huota imeng'ang'ania matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Kama imepandwa kwenye udongo wa kawaida, itoe leo. Ipande kwenye vipande vya magome, kwenye chungu chenye matundu, ikiwezekana chenye kuonyesha ndani ili uione mizizi. Ikiwa ya kijani ina maji. Ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia, na uache maji yote yatoke. Mizizi iliyolegea na kuoza ikate kwa mkasi safi, lakini ile inayochungulia nje ya chungu usiiguse, haijapotea njia.

Kisha angalia majani. Yakiwa ya kijani kilichokolea sana, mmea una njaa ya mwanga, usogeze karibu na dirisha bila kuuweka kwenye jua la mchana. Kikwazo kingine huwa joto. Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za ubaridi kidogo, chini ya nyuzi joto 25 hivi, ndipo itoe shina la maua. Ikikaa kwenye joto lilelile usiku na mchana huendelea kutoa majani tu. Ikiwa baraza yako hupoa nyakati za usiku kuliko ndani, ipeleke huko kwenye kivuli kwa mwezi mmoja au miwili, usiiache kwenye upepo mkali, na uchunguze kati ya majani ya chini. Chipukizi lenye ncha ya mviringo ni mzizi. Lenye ncha iliyochongoka kidogo na kupinda kuelekea juu ndilo shina la maua, na likishatokea usiuzungushe tena mmea, maana tumba hufuata upande wa mwanga na hudondoka zikichanganywa.